Pini ya Mama Rosa

Mtoto wa miaka tisa nilikuwa, tukikaa ghorofa ya tatu kule Hagsätra, Uswidi, bibi yangu alipokuja kutoka Tanga kumwona mjukuu wake mpya, mdogo wangu Salimu. Alikuja na imani zake zote, na uwanja wa ndege hawakumkamata na hata moja.

Jirani yetu wa chini alikuwa Mama Rosa, mzee wa Peru. Shali yake ya sufu aliibana kifuani kwa pini ya fedha, ndefu kama kiganja, kichwa chake bapa kama kijiko. Kwao wanawake wamevaa pini hizo tangu enzi za wafalme wa Inka, na ile aliirithi kwa bibi yake. Nilimwonea wivu kweli. Siku moja nikasema ingefaa kubania mbeleko, maana mafundo yangu yalikuwa yakilegea.

Bibi alinigeukia. "We mtoto! Chuma chenye ncha hakikai kwenye mbeleko. Kitaita damu."

Nikacheka kimoyomoyo. Nilijiona Mswidi, mambo ya kuita damu hayanihusu.

Jumamosi moja ilikuwa zamu yetu ya chumba cha kufulia cha jengo zima, kule chini. Mama Rosa alipanda kumsaidia mama kubeba nguo, akaona joto, akavua shali, na pini akaisahau mezani. Mama akatangulia kushuka, Mama Rosa akafuata na kapu la mwisho. Bibi alikuwa chumbani akiswali. Nami nikamweka Salimu mgongoni, nikazungusha kanga, nikaibana kwa pini.

Sikufika mlangoni. Kanga ni pamba nyepesi, ikachanika pale pale. Salimu akateleza kupitia kwapani, nikamdaka mguu, na ncha ikamchana usoni. Damu ilimjaa hata jicho silioni. Nilijua nimemtoboa jicho mdogo wangu. Sijawahi kushtuka vile, mpaka leo.

Mama na Mama Rosa, waliokuwa ngazini wakirudi, walisikia kilio wakaingia wakikimbia, Bibi naye katoka na mswala mkononi.

"Nani kakufunga hivi?" mama alipiga kelele.

"Huyu jirani," nikasema. "Kabla hajakufuata chini."

Nilisema kwa Kiswahili makusudi, ili mwenyewe asielewe.

"Nilisema mimi!" Bibi akalia.

Mama Rosa aliitazama pini yake, akaitazama damu. "Förlåt," alisema kwa Kiswidi. "Förlåt, förlåt." Nisameheni. Mama akamtia pini mkononi bila kuifuta, akamfungulia mlango. Nilipigwa na butwaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana kwake, mama akimuuliza.

Jicho lilikuwa zima, ni nyusi tu iliyochanika. Lakini Mama Rosa hakupanda tena ngazi zile. Baadaye alihama, kisha tukasikia amefariki.

Salimu sasa ni fundi kiwandani Södertälje, na kila akija mama hulishika lile kovu na kumsimulia habari za yule mwanamke wa Peru. Bibi alisema kweli kuhusu mbeleko, namkubali. Miaka yote nimejificha nyuma ya ukweli wake.

Mwezi uliopita nilimwambia mama kwamba mbeleko ile niliibana mwenyewe. Alikuwa akikunja nguo, akaacha.

"Sasa yule aliomba msamaha wa nini?"

"Wa kuisahau pini mezani."

Mama alikaa kitini, kanga mapajani. Kisha akaniuliza Mama Rosa alizikwa wapi, twende. Sikujua. Hatukuwahi kuuliza.