Hereni Zisizofanana

Nilianza kuvaa hereni darasani kwa hasira. Sikuwa na maabara, sikuwa na picha hata moja ukutani. Nilikuwa na chaki na watoto waliojaa mpaka dirishani, na kila nilipotamka neno molekuli nusu yao walisinzia macho wazi. Siku moja nikachoka kabisa. Nikasema moyoni: haya, kama hamtaki kuangalia ubao, mtaniangalia mimi.

Likizo ilipofika nikatoka kambini Nakivale, Uganda, nikaenda mjini Mbarara, upande wa Nyamitanga, kwa mzee mmoja Mwislamu anayeuza shanga, sindano na nyuzi. Nikachagua shanga nyekundu, nyeupe na nyeusi, nikaongeza waya mwembamba wa shaba. Nyumbani nikatengeneza hereni mbili. Ya kushoto ilikuwa maji: shanga moja nyekundu ya oksijeni katikati, nyeupe mbili za hidrojeni pembeni, waya umepinda. Ya kulia ilikuwa ile hewa tunayoitoa tukipumua, kaboni dayoksaidi: nyeusi katikati, nyekundu mbili pembeni, waya umenyooka kama rula.

Shule ilipofunguliwa nikaingia nazo darasani, kimya. Nikaandika tarehe ubaoni, nikageuka, nikasikia minong'ono. Mwishowe msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Madamu, samahani. Hereni zenu hazifanane."

"Una uhakika?"

"Moja imepinda, ingine imenyooka. Sababu gani?"

Loo! Miaka yote nilikuwa natafuta swali hilo, na limekuja lenyewe kwa sababu ya masikio yangu. Tulizungumza mpaka kengele ya chakula ikalia na hakuna aliyetoka. Tangu siku ile yule msichana hakuniachia nafasi ya kupumua. Kwa nini maji yapinde? Nani aliyaona? Yasingepinda ingekuwaje? Alikuwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani wa taifa, na sijapata kufundisha mtoto mwenye kiu namna ile. Nikampa shanga zilizobaki, pamoja na kikaratasi kilekile alichonifungia yule mzee wa Mbarara, naye akajitengenezea mkufu wake wa maji.

Sasa nieleze kosa langu, maana nilikuwa nalijua. Mimi ni mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, na baba wa msichana huyo vilevile. Tulisali kanisa moja, yeye akiwa mzee wa kanisa. Kwetu mwanamke havai hereni. Akionekana nazo anatengwa: anakalia benchi la nyuma, meza ya Bwana inampita, mpaka siku wazee watakapoona ametubu. Kwa hiyo nilizivaa nikishaingia geti la shule, nikazivua kabla ya kutoka, nikazificha ndani ya kopo la chaki. Nilijiambia ni vifaa vya kufundishia. Mtoto wa watu sikumwonya hata kidogo.

Jumanne moja dawati lake lilikuwa tupu. Jumatano tupu. Alhamisi baada ya masomo nikaenda kwao. Baba yake alikuwa ametoka shamba, jembe bado begani, na aliponiona hakunikaribisha. Akaingia ndani, akarudi na kikaratasi, akakifungua mbele ya macho yangu. Ndani mlikuwa na mkufu wa maji. Juu ya karatasi, ambayo mimi sikuwahi hata kuitazama vizuri, palikuwa na maandishi ya Kiarabu.

"Mwalimu, hii njo nini?"

"Papa, ni shanga. Ni somo la maji."

"Maji?" Hakucheka. "Nimeikuta mu mufuko ya mutoto, imefungiwa mu maandiko ya Kiarabu. Anasema wewe njo ulimupatia. Mimi niko mutu muzima, Mwalimu. Hirizi naijua."

Akaniambia mambo mawili. Jumamosi wazee wa kanisa watakaa. Wakisema ni hirizi, binti hatarudi shuleni tena, ataenda Ngarama kwa shangazi yake kulima mahindi. Nami nilijua jambo la tatu ambalo yeye hakulijua: Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya watahiniwa kutia sahihi kwenye orodha ya mtihani, kila mmoja kwa mkono wake. Asiyekuwepo, jina linakatwa.

Ningemweleza taratibu, labda angenisikiliza. Lakini mimi na hasira ni ndugu. Nikamfokea pale mlangoni, nikamwita mjinga mbele ya mke wake. Akaufunga mlango, mkufu ukiwa mkononi mwake na kikaratasi nilichomnyang'anya mkononi mwangu. Nilirudi nyumbani najilaumu njia nzima.

Ijumaa sikufundisha. Niliwahi Mbarara, nikamkuta yule mzee anafungua duka, nikamwekea kikaratasi mezani, nikamweleza yote pumzi ikinipaa. Alishika kifua.

"Astaghafirullahi! Mimi nafunga shanga na maneno ya Mungu? Mimi? Mwalimu, hii ni kalenda, bwana! Ya mwaka ulipita. Ona, hii ni mwezi, hii ni siku, hii ni saa ya kuswali." Akapanda kwenye kigoda, akaichomoa juu ya rafu kalenda yenyewe, iliyokuwa imechanwa kurasa. "Beba yote. Waambie hao watu wako mimi si mganga. Mimi nauza sindano."

Nilitaka kumkumbatia. Njia nzima ya kurudi niliishika kalenda ile kifuani, nikiwaza nimeshinda.

Jumamosi mchana, kanisani, wazee watano walikaa kwenye benchi moja, baba yake miongoni mwao, mchungaji nyuma ya meza ndogo, na msichana akasimamishwa katikati, mikono nyuma. Mama yake hakuruhusiwa kuingia. Nikaitandaza kalenda mezani, nikakiweka kikaratasi pale kilipochanwa. Kingo zikakutana. Mchungaji akapitisha kidole, akasoma tarakimu za Kizungu zilizokuwa chini, akaitikia kwa kichwa. Hata baba akainama kutazama. Nikasikia mzee mmoja anashusha pumzi, na mimi nikashusha yangu.

"Sawa," baba akasema, "karatasi ni kalenda. Na ile kitu ya ndani? Mwenyewe alikubali, juma yote alikuwa anaivaa chini ya nguo, usiku anaifunga mu ile karatasi. Kama ni shanga tu, sababu gani aifiche?"

Mchungaji akamgeukia msichana. Alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. "Mwanangu, ile kitu iko na maana ao haina maana?"

Nilimwomba Mungu aseme haina.

"Iko na maana, Mchungaji," akasema. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini hakuishusha. "Ni maji. Vile maji iko ndani kabisa, pahali macho yetu haifikake. Nilificha sababu nilijua Papa atakasirika. Lakini si ya kuogopa. Ni maji tu, yenye tunakunywa."

Kisha mzee wa mwisho wa benchi akasema polepole, "Kitu yenye macho haione. Iko na maana. Inavaliwa chini ya nguo. Sasa sisi tuiite jina gani ingine?"

Nikaingilia. Nikaeleza chembe ndogo zinavyoshikana tatutatu, kwamba hata ukichemsha sufuria ikakauka, zile tatu zinapaa pamoja haziachani. Nikaona macho ya wazee yanatafutana. Kila neno nililoongeza lilikuwa linamsogeza mtoto karibu na Ngarama. Baba alikuwa amekwisha kusimama, na mchungaji akafumba macho kama mtu anayejiandaa kuomba.

Hapo nikaelewa, nikaelewa nikiwa nimechelewa. Kitu kikiwa na maana, kwao kilikuwa hirizi, na hirizi haina msamaha mdogo. Kisipokuwa na maana, kilikuwa pambo. Pambo ni dhambi wanayoijua, wana adhabu yake tayari, na anayeibeba ni mtu mzima aliyebatizwa, kama mimi, si mtoto.

Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikatoa hereni zangu, nikaziweka mezani.

"Ni mapambo," nikasema. "Hazina maana yoyote. Nilipenda kujipamba, nikaona haya, nikasingizia somo. Mtoto aliniiga tu. Kosa ni langu."

"Madamu, hapana!" Alikuwa amenigeukia mzimamzima. "Si mapambo! Mulituambia..."

"Nyamaza," nikamwambia.

Akanyamaza. Na wazee, jamani, walifurahi. Nyuso zilifunguka, benchi likalia, mtu akakohoa kwa raha. Mchungaji akatangaza kwamba natengwa mpaka hapo watakapoona toba yangu, na kwamba mtoto hana hatia, arudi shuleni. Hereni na mkufu vikafagiliwa ndani ya bahasha. Tulipotoka nje baba yake alinipa mkono wake, mkavu wa jembe, akaushika wangu muda mrefu.

"Aksanti, Mwalimu," akasema. "Aksanti kwa kusema ukweli."

Jumatatu asubuhi msichana alikuja na sare iliyopigwa pasi, akatia sahihi yake kwenye orodha, mwandiko wazi usio na haraka. Niliisoma mara tatu. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sikufanya lolote, nikaingia kufundisha. Nilichora molekuli kwa chaki. Hakunyoosha mkono. Alinakili kila kitu, na nilipouliza kama kuna swali alitazama daftari.

Kengele ilipolia wengine wakatoka. Yeye akabaki amesimama mbele ya meza yangu.

"Madamu, mulidanganya wapi? Huku darasani ao kule kanisani?"

"Kule."

"Kwa sababu yangu?"

"Ndiyo. Leo ungekuwa Ngarama."

Sikuona hasira usoni mwake, na ningependa ningeiona, maana hasira naijua namna ya kuijibu.

"Nilikuwa naogopa sana, Madamu," akasema. "Mbele ya Papa, mbele ya bale bazee. Lakini nilisema vile mulinifundisha. Mukaniambia ninyamaze."

Akachukua vitabu vyake, akatoka. Nimefundisha miaka mingi, na nimekuwa na mwanafunzi mmoja tu aliyesimama mbele ya wazee watano na mchungaji wao akatetea kitu alichokijua kuwa kweli. Baba yake alimwacha aseme. Aliyemnyamazisha nilikuwa mimi.