Dada Yangu Alipohamia Kwenye Kufunga Mikate

Dada yangu ni mtu wa kukuna kichwa. Mimi nikionewa naropoka papo hapo. Yeye huondoka na swali lake kimya kimya, akapika nalo, akafua nalo, akalala nalo. Swali lililomsumbua kuliko yote alilitoa kazini kwao, kwenye kiwanda cha mikate, na mpaka leo sijui nimsaidieje.

Alipoajiriwa, wanaume walikuwa wakikanda unga na wanawake wakifunga mikate kwenye karatasi. Mkandaji alilipwa karibu mara mbili ya mfungaji. Dada aliuliza sababu, akaambiwa kukanda ni kazi ya nguvu: kuinua magunia, kuzamisha mikono hadi viwiko kutwa nzima. Akaridhika. Hata mimi niliridhika, maana mumewe alikuwa mkandaji, na jioni shemeji yangu huyo alikuwa akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, tena kinatetemeka.

Kisha ikaja mashine ya kukanda. Unamimina unga, unatia maji, unabonyeza kitufe, unasubiri. Wanawake wakahamishiwa huko, na wanaume wakapelekwa kufunga mikate bila kupunguziwa hata senti. Dada alirudi nyumbani anachekacheka, akijua sasa atalipwa kama mkandaji. Mwisho wa mwezi mshahara ukawa uleule. Msimamizi alimweleza kwa upole kwamba siku hizi mashine ndiyo inayofanya kazi, yeye anabonyeza tu. Hilo nalo akalikubali, ingawa kwa shingo upande.

Haukupita muda, ikaja mashine ya kufunga. Nayo ilikuwa ya kubonyeza kitufe. Safari hii mshahara wa wafungaji ukapandishwa, kwa sababu, msimamizi alisema, sasa kazi yao imekuwa ya kitaalamu.

Hapo ndipo dada alipochanganyikiwa. Alimkalisha mumewe kitandani, akamtaka amwonyeshe anavyobonyeza. Shemeji akabonyeza goti lake kwa kidole. Dada akabonyeza la kwake. Wakatazamana. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, mbavu sina.

Lakini lenyewe halikuwa jambo la kuchekesha. Walikuwa wamepanga chumba kimoja, mimi nimepanga cha jirani, na binti yao alikuwa akilelewa na bibi yake mbali, kwa kuwa chumba kile kilijaa kitanda na jiko basi. Kila likizo mtoto alinivuta pembeni akaniuliza, "Mama mdogo, kwani vyumba viwili ni bei gani?" Dada aliutaka mshahara wa kufunga ili wapange vyumba viwili, mtoto arudi nyumbani. Hakuwa na makuu mengine.

Akapiga moyo konde, akaomba kuhamishwa. Shemeji mwenyewe alimsemea. Msimamizi akakubali kuwajaribu wanawake watatu, kwa mshahara wa kufunga. Dada aliizoea mashine upesi, na mwezi wa kwanza akapokea sawasawa na mumewe. Wakaenda kuona vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Dada alisimama kwenye kona, akanyoosha mikono, akasema hapa kitanda cha mtoto kitaenea. Jioni hiyo wakampigia binti yao wakamwambia aanze kupanga nguo zake.

Mwezi wa pili mshahara wa wafungaji wote ukashushwa, wanaume kwa wanawake. Waliambiwa kazi imepitiwa upya ikaonekana si nzito.

Shemeji si mtu mbaya, na hilo nalisema huku nina hasira naye. Wenzake walimnunia, wakamwambia mkeo ametuletea balaa. Alivumilia kidogo, kisha akamwambia dada, mimi nikiwepo:

"Mke wangu, rudi kwenye kukanda. Ukiondoka labda watatupandishia tena, na mtoto atakuja kwa mshahara wangu."

Dada alimuuliza, "Kwani nilipoingia niliharibu nini? Si mikate inatoka ileile?"

Shemeji alisema hajui. Na kweli hakujua, ilionekana usoni. Mimi nikaropoka mambo mazito kuhusu wanaume wa kiwanda kile, nikaombwa nirudi chumbani kwangu.

Dada alirudi kwenye kukanda, na wale wenzake wawili wakamfuata. Mashine ya kufunga ikabaki na wanaume watupu, nasi tukangojea mshahara kama wagonjwa wanaongojea majibu ya vipimo. Haukupanda. Shemeji akaenda mwenyewe kwa msimamizi. Aliporudi alikaa kitandani bila kuvua viatu, na dada akalazimika kumuuliza mara mbili.

"Wamesema hawapandishi," shemeji alijibu. "Wanasema wameshaona kazi yenyewe nyepesi. Hata mwanamke aliiweza."

Sikuropoka. Dada aliniomba simu ampigie binti yake, amwambie azitoe zile nguo kwenye begi. Akamwambia. Nilimsikia mtoto akiuliza kwa nini. Dada akanitazama, kisha akamnyooshea mumewe simu. Shemeji aliishika sikioni, mtoto akiita baba, baba.