Upande wa Digrii Hufunguka Vipi?

Admin, ficha jina langu na la hoteli. Mengine yaache yalivyo.

Natangaza rasmi, kwa heshima zote, kwamba mlango mkuu wa hoteli moja kule The Pearl, mlango wa vioo wa pande mbili wenye vishikio vya shaba, tangu mwaka jana unafunguliwa na msomi. Upande wa kulia una digrii ya biashara na uhasibu. Upande wa kushoto hauna kitu. Upande wa kushoto ndio mimi.

Nina miaka thelathini na minne, Mkenya, niko Doha mwaka wa saba sasa, nalala chumba cha watu sita hapa Najma. Shule niliiacha kidato cha pili baba alipofariki. Kinachoniweka kazini nimejisomea pale pale mlangoni: Kiarabu cha kusalimia, Kihindi cha kuitia teksi, na kutazama watu. Gari likisimama tu, kabla mguu haujagusa chini, najua kama bwana na bibi wametoka kugombana na nimsalimie nani kwanza ili wasimalizie ugomvi mbele yangu. Hiyo haina cheti.

Aliyesoma ni mdogo wangu, tumwite Musyoka. Nyumba nzima ilijinyima ili asome. Siku ya mahafali yake nilikuwa zamuni, nikatumiwa picha akiwa na joho, nikaionyesha mpaka wageni. Mzungu mmoja akanipa mkono akidhani ni mimi. Sikumsahihisha, alikuwa na haraka.

Musyoka akazunguka Nairobi miaka mitatu akitafuta ofisi ya kumwajiri. Mwishowe akanipigia: "Bro, hata mlango nitafungua." Ajenti akampa ushauri ambao watu wetu wengi huku wanaujua: cheti cha chuo kiache kwa mama. Kazi hizi hazitaki msomi, wanaona atauliza maswali. Sema umeishia kidato cha nne. Akasema hivyo, akapita. Kwa hiyo mtu alisoma miaka minne, kisha akalazimika kuificha kama ugonjwa ndipo aajiriwe.

Sasa mwezi uliopita ofisi ya hesabu pale hotelini ikakosa mtu. Musyoka hakusema neno. Lakini nimewaambia kazi yangu ni kutazama watu. Nilimwona akikodolea macho ule mlango mdogo wa ofisi, ambao si kazi yake kuufungua. Nikashindwa kuvumilia. Nikaenda kwa Madam, Mlebanoni anayesimamia wafanyakazi, mama mzuri tu, mwenye utani.

"Madam, yule ndugu yangu ana digrii ya hesabu."

Akaweka kikombe chini. "Habibi, karatasi zake zinasema aliishia sekondari. Ama alitudanganya siku ile, ama wewe unanidanganya leo. Nimrudishe nani Kenya?"

Nikacheka. Nilicheka kile kicheko cha mlangoni, cha meno yote. "Nilikuwa natania, Madam. Huyo digrii angeitoa wapi?"

"Khalas, yaishe! Umenishtua," akasema, naye akacheka.

Hivyo ndivyo digrii ya nyumba nzima ilivyofutwa, tena na mimi, nikiwa nimevaa glavu nyeupe. Jioni nikamweleza Musyoka, nikisubiri anitukane. Akaniangalia akasema, "Usijali, bro. Umenishusha mpaka kidato cha nne, na bado nimekupita." Tukacheka. Halafu akapanda kitandani hata chakula hakuonja, akageukia ukuta.

Ijumaa, ambayo huku ndiyo Jumapili yetu, mimi na Musyoka tulipotoka kanisani kule Mesaimeer, nikapiga simu nyumbani. Kitinda mimba wetu, Ndinda, ameitwa chuo kikuu na Jumatatu anatakiwa kuripoti. Hataki. Ndiye aliyepokea.

"Bro, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Huo mlango wenu, upande wa Musyoka hufunguka vizuri kuliko wako?"

"Hufunguka sawa."

"Basi niambie naenda chuo kufanya nini. Hapa kuna ajenti, si nije tu huko mapema nikiwa bado na nguvu?"

Kabla sijajibu, Mama akamnyang'anya simu. "Sikiza, baba. Mimi sikusoma, siwezi kushindana na huyu. Wewe ndiye mkubwa. Ukisema chuo, ataenda. Ukisema aje, nitamfungia mzigo. Lakini useme wewe."

Musyoka alikuwa amesimama kando yangu, amesikia yote. Nikamuuliza, "Wewe unasemaje?"

"Unajua kule chuo nilikuwa naulizwa nafikiri nini? Kila siku. Tangu nitoke, wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza."

"Kwa hiyo aende?"

"Sijasema hivyo. Nimesema umeniuliza."

Sasa hilo ni jibu gani? Miaka minne ya chuo na hawezi kusema ndiyo au hapana! Nina hasira na ajenti, na Madam, na huyu mtoto kwa swali lake, na zaidi kwa sababu nimelizungusha kichwani tangu Ijumaa nikifungua na kufunga, na sijapata pa kulishikia. Nikimwambia asome, huenda namwandaa kuja kuficha cheti kama kaka yake. Nikimwambia aje, basi mimi, niliyelia kuiacha shule, nimemtoa mtu shuleni kwa mdomo wangu.

Mliosoma na msiosoma, nipeni mawazo, matusi wekeni kando. Nimwambie nini Ndinda kabla ya Jumatatu?

Na kabla hamjaanza kubishana upande upi una faida: jana mafundi walikuja kuupima ule mlango. Unawekwa wa umeme, unaofunguka wenyewe.