Maharage ya Majivu

Siku moja ninaikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu: ile siku niliyoosha majivu kwenye maharage. Nilikuwa naimba nikiyaosha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Usidhani nimelianza jambo hili bila sababu. Ulipokuja kuniaga ukiwa bibi arusi nilikupa kitambaa kilichofungwa fundo. Ulikifungua papo hapo, ukakuta maharage yenye majivu, viganja viwili tu, na uso ukakushuka. Ulisema, "Asante, Bibi," lakini vidole vyako vilikuwa vinapekua kama kuna kitu kingine chini yake. Sikukasirika. Mimi kwa umri wako ningeuliza waziwazi, "Na zawadi iko wapi?" Basi vuta kigoda, nikuambie ulichobeba. Nitajiaibisha kidogo, lakini wazee walisema mficha uchi hazai.

Niliolewa hapa Chonyonyo nikitoka kwetu Nyabiyonza. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, ila nguo zilikuwa bado adimu na chumvi ilitiwa chunguni kwa ncha za vidole. Mume wangu, babu yako Rwekaza, alikuwa na kibanja cha migomba, na ndani yake mibuni isiyokuwa mingi. Kahawa ilituletea fedha mara moja tu kwa mwaka, na fedha hiyo ilikuwa na wenyewe kabla haijafika: kodi ya babu yako, chumvi, jembe kama la zamani limelika, na nguo ya mtu mmoja. Ndiyo, mmoja. Mwaka huu ukivaa wewe, mwakani anavaa mwenzio. Kama tungenunua chakula kwa fedha ile, kodi ingekosekana, na mwanamume aliyekosa kodi alichukuliwa akaenda kuilipa kwa kazi za sulubu. Kwa hiyo chakula kilipaswa kutoka udongoni, mwaka mzima.

Aliyeushika mwaka huo mkononi alikuwa mama mkwe wangu, mama yake Rwekaza. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na kila jioni alitupimia maharage kwa kibuyu kidogo kilichokatwa mdomo. Kipimo kilikuwa kilekile mwaka mzima. Tumetoka kuvuna, maharage yamejaa hadi yanamwagika, yeye anapima vilevile kama mwezi wa ukame. Mimi nilizoea kwetu, ambako tulikula kwa shangwe miezi mitatu na kwa kunung'unika miezi tisa. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Mama, maharage yote haya, mbona tunapimiana kama wagonjwa?"

Hakuinua hata kichwa. "Njaa haiingii ghala likiisha, binti yangu. Huingia ghala likijaa."

Moyoni nikasema huyu mama ni mchoyo. Ujana una jina baya kwa kila jambo usilolielewa.

Alikuwa na desturi nyingine. Tukishapura maharage alipiga magoti uani, akachagua mbegu moja moja. Zile nene, nzima, zisizo na kovu, aliziweka kando. Ndogo, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu ndizo zilizokwenda chunguni. Nilimtania kwamba nyumba yake inakula vilema, akatabasamu tu. Maharage yenyewe yalikuwa meupe yenye madoa ya zambarau. Alipewa na mama mkwe wake alipoolewa, na kilima kizima hapakuwa na mwingine mwenye aina ile. Mbegu zile alizichanganya na majivu, akazitia katika kibuyu kikubwa, akakiziba mdomo kwa mavi mabichi ya ng'ombe, akakitundika juu ya moto kipate moshi. "Kuna cha mdomo, kuna cha watu, kuna cha udongo," aliniambia akiwa anakifunga kamba ya mgomba. "Cha mdomo ukila, umekula. Cha watu ni cha mgeni na mfiwa. Lakini cha udongo si chetu, tunamtunzia mwenyewe."

Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Kuitikia ni rahisi.

Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho, udongo mkavu, watu wanatazama mawingu. Mama mkwe alikuwa amekwenda msibani Rugu kwa siku mbili, na Rwekaza alikuwa amekwenda kupeleka kahawa. Nikiwa peke yangu, wakaingia wageni kutoka kwetu: baba yangu mdogo na shangazi zangu wawili, wamekuja kuona binti yao anaishije. Nikapiga magoti kuwasalimu huku moyo unadunda kwa furaha. Shangazi yangu mkubwa, ambaye macho yake yalitangulia jikoni kabla miguu yake haijavuka kizingiti, akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Mbona umekonda, Kokugonza? Huku kwenu wanakula kweli?"

Alisema akicheka, na wenzake wakacheka. Mimi lile neno liliniingia kama mwiba. Ndizi zilikuwepo, ningeweza kukata mkungu. Lakini maharage ya kula yaliyokuwa kwenye kapu yalikuwa ya mwisho mwisho, vipande na maganda, na nikamwona shangazi akirudi Nyabiyonza akisema binti yao ameolewa kwa watu wanaokula makombo. Ningeweza kwenda kwa jirani nikamwambia, nimepata wageni, nisaidie, na hakuna aliyeninyima kitu kijijini hapa tangu nifike. Niliona aibu kuomba. Aibu ya kuiba sikuiona.

Nikapanda juu ya kinu, nikakishusha kibuyu, nikavunja kile kizibo. Nilijiambia nitachukua nusu tu. Mgeni njoo mwenyeji apone, nikajisemea, kama vile methali imetungwa kwa ajili yangu. Lakini watu walikuwa watatu, na chungu kilikuwa kikubwa, na maharage yaliyochaguliwa yanapendeza sana yakimwagika. Nikayaosha majivu nje ya jiko, naimba, maji nikayamwaga kwenye shina la mgomba. Kibuyu nikakirudisha kikiwa kitupu.

Tulikuwa katikati ya kula mama mkwe alipofika, miguu imejaa vumbi la Rugu. Akawasalimu wageni vizuri, akanawa, akakaa kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, nikampakulia. Akalishika harage moja kwa vidole viwili. Akaligeuza. Nyumba ile haikuwahi kuona chungu ambacho maharage yake yote ni manene. Akalitia kinywani, akatafuna muda mrefu, kisha akamgeukia shangazi yangu.

"Mkamwana wangu anajua kupika," akasema. "Kuleni. Ongezeni."

Na wao wakaongeza.

Wageni walipoondoka, aliwasindikiza mpaka njiani, akarudi, akakishusha kile kibuyu, akaingiza mkono. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri matusi. Ningeyashukuru.

"Hukubakiza hata punje moja kwa kusahau?"

"Hapana, Mama."

Akakaa chini pole pole. "Wageni umewakirimu vizuri," akasema. "Umewalisha mwakani."

Hilo tu. Nikalia mpaka kifua kikaniuma, maana hapo ndipo nilipoona kile nilichofanya. Mvua zilikuwa zimebaki wiki chache. Bila mbegu hatuna maharage, bila maharage tutanunua, na fedha ya kununulia ilikuwa ileile ya kodi ya mume wangu. Nilikuwa nimemuuza Rwekaza kwa sahani tatu, na yeye njiani akijua anarudi kwenye nyumba iliyo salama.

Asubuhi yake mama mkwe alichukua jembe lake, akanipa na mimi langu, tukaenda kwa mke wa karani mmoja, watu wa Bukoba waliokuwa na mashamba makubwa ya kulimisha. Yule mama alitutazama, akashangaa.

"Wewe Mama Rwekaza, unakuja kulima kwa watu? Unataka nini?"

"Mbegu za maharage."

"Na zako? Nyumba yako ndiyo huwapa wengine mbegu!"

Nilitazama chini. Nikasubiri jina langu litajwe.

"Panya," akasema mama mkwe. "Mwaka huu tumeingiliwa na panya."

Tukalima siku kumi na mbili. Nilimsihi abaki nyumbani nilime mimi zamu zote mbili, akakataa, akasema kazi ya watu wawili haiishi kwa mtu mmoja kabla ya mvua. Ule udongo wa kiangazi unaugonga kwa jembe, jembe linarudi. Siku ya tisa nilimwona akijaribu kunyooka, akashindwa, akajishika kiuno, akasimama hivyo hivyo nusu, kisha akaendelea. Mgongo ule haukunyooka tena sawasawa mpaka tunamzika. Kila nilipomwona akitembea ameinama nilijua nilivyochangia, na zaidi yetu wawili hakuna aliyejua. Babu yako naye aliporudi aliambiwa panya. Akatega mitego nyumba nzima, maskini, na mimi nikimshikia taa.

Tulipata kapu la mbegu nyekundu. Zikapandwa, zikaota, kodi ikalipwa. Lakini yale meupe yenye madoa, aliyopewa na mama mkwe wake, yalikuwa yamekwisha duniani kwa kadiri tulivyojua, na yeye hakuyataja hata mara moja.

Mvua zilipokuwa zimeshika, asubuhi moja nilisikia akiniita kutoka nyuma ya jiko. Nikakimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amepiga magoti kwenye lile shina la mgomba nilikomwaga maji ya majivu. Punje chache zilikuwa zimenichopoka nikiwa naimba, na zilikuwa zimeota mashina sita. Tukakata vijiti, tukayazungushia ua kama mtu anavyomzungushia mtoto mchanga nguo. Mbuzi alikula moja. Matano yakazaa. Hatukuonja hata punje ya hayo, wala mwaka uliofuata. Mwaka wa tatu ndipo alipopima kibuyu kimoja cha kula, na mbegu akanipa mimi nichague mwenyewe, yeye akinitazama mikono. Nilichagua kutwa nzima.

Tangu siku zile, tukiwa wawili tu, aliniita Panya. "Panya, lete maji." "Panya, njoo ukae." Mbele za watu nilikuwa mkamwana wake mwema. Na siku alipokuwa amelala hawezi kuamka, alinionyesha kwa kidole kile kibuyu juu ya moto, akaniambia, "Panya, sasa kitunze wewe." Nilicheka na kulia kwa pamoja, na nyumba iliyojaa watu haikujua tunasema nini.

Mwanangu, sasa unajua ulichobeba. Ni watoto wa yale mashina matano. Sikukupa fedha kwa sababu sina, na kwa sababu fedha ya mwaka huingia nyumbani ikiwa tayari ina wenyewe. Utaipokea na kuiaga. Nyumba yako ni ndogo na mapato yako ni ya msimu, kama yalivyokuwa yangu. Nisikilize basi. Pima siku ya shibe, maana siku ya njaa hakuna cha kupima. Mgeni mpe, mfiwa mpe, lakini wape katika kilicho chao. Ukikosa, sema nimekosa, au nenda kwa jirani ukaombe. Aibu ya kuomba hupita. Usimlishe mtu mwakani ili akusifu leo, hata akiwa ni shangazi yako mwenyewe. Na kile utakachokiita cha udongo, kiwe mbegu, kiwe ada ya mtoto, kiwe chochote kinachozaa kesho, kizibe mdomo na ukitundike mahali ambapo lazima upande juu ya kinu kukifikia, ili ukiwa pale juu upate nafasi ya kujiuliza unatafuta nini.

Nenda, mwanangu. Moto wa nyumba yako usizimike, chungu kisikose cha kutia, na juu ya moto pasikosekane kibuyu kilichozibwa. Mungu akupe mvua kwa wakati wake na mikono ya kuchagua. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akuwekee karibu mtu atakayekutazama, ajue, halafu awaambie watu ni panya.