Siku Mgongo Mweupe Alipoinua Mkono

Vuta kigoda usogee upande huu, rafiki, jua la mchana lisikupige usoni. Nina habari ya zamani ya kukueleza, nami sina haraka. Jana mjukuu wangu alimwangusha mwenzake hapa uani, karibu na kinu. Alimwangusha vizuri, sikatai. Lakini akageuka papo hapo, mikono juu, akazunguka uwanja kama wale wanamieleka wanene anaowatazama kwenye simu, na mwenzake akabaki chini akijitoa mchanga masikioni. Nikacheka. Nilimkumbuka mpiga mieleka wetu.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka Kasongo. Kila nyumba ililima pamba, ipende isipende, kwa amri ya Leta, ndivyo tulivyoiita serikali. Msimu wa kuuza pamba, watu walimiminika sokoni na vikapu vyao, na pamba ikiisha kupimwa, mieleka ilianza. Hata mwalimu wetu wa katekisimu, aliyetukataza kwenda, alikuja kila mara akisema anatafuta wanafunzi watoro. Aliwatafuta akiwa amesimama mstari wa mbele kabisa, asikose kitu.

Mpiga mieleka wetu tulimwita Mgongo Mweupe. Ngoja nikueleze jina lilivyotoka. Kwetu mtu alihesabiwa ameshindwa mgongo wake ukigusa ardhi. Ili ubishi usiwepo, mgongo wa kila mwanamieleka ulipakwa pemba, ule udongo mweupe wa kandokando ya kijito. Ardhi ya Maniema, mkoa wetu, ni nyekundu. Ukianguka, hakuna haja ya shahidi. Basi huyu mtu wetu alikuwa amepita masoko yote ya Kasongo, akafuata mto Lualaba hadi Nyangwe na kurudi, na kila mara alirudi mgongo mweupe kama unga wa muhogo. Hakuwa mtu mkubwa sana. Alikuwa na shingo fupi, miguu iliyojipinda kidogo, na kicheko cha taratibu. Akipita njiani watoto tuliacha kutwanga, tuliacha kuchota maji, tukamfuata hadi mwisho wa kijiji. Mama akipiga kelele kwamba mpunga unaliwa na kuku, tulijibu kuku nao wanapenda mieleka.

Aliishi kwa mieleka. Vijiji vilimpa kuku, chumvi, kitambaa. Lakini siku zile mtu hakuondoka kwao hivi hivi. Ulihitaji barua ya njia, karatasi yenye mhuri, na karani wa Leta ndiye aliyeitoa. Karani alimpa Mgongo Mweupe barua hiyo kwa sababu mieleka ilivuta watu sokoni, lakini alimwambia wazi mbele ya kijiji kizima: siku mgongo utakapogusa udongo, barua imekwisha, jembe la pamba linakungoja. Kwa hiyo, rafiki, kila alipoingia uwanjani hakuwa anapigania kuku. Alikuwa anapigania njia zake.

Koko, yaani bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyeongoza wimbo wake. Wanawake waliimba, "Udongo umngoje, leo haji," wakipiga makofi mazito, nasi wasichana tukaitikia. Na kwa kuwa nilikuwa mjukuu wa mwimbishaji, kazi ya kusaga pemba na kumpaka mgongoni ilikuwa yangu. Usidhani ni kazi ndogo. Nilitembea na kibuyu cha pemba kiunoni kama mtu mwenye cheo. Koko aliniona nikitembea hivyo, akasema, "Sifa ni muzigo wa kichwa. Nyoosha shingo, lakini angalia kwenye unakanyaga."

Mwaka huo tuliitwa Kabambare. Huko kulikuwa na mhunzi, mfua majembe, ambaye naye hakuwa ameangushwa. Mabega yake yalikuwa mapana kama mlango. Tulitembea siku nne, watu wapatao kumi, Mgongo Mweupe mbele na barua yake ndani ya kifuko cha ngozi. Tulikula muhogo wa kuchoma na samaki wakavu, na kwenye kila kijiji watoto walitoka kumtazama mgongo. Alijua wanachotaka. Aligeuka, akawaacha waangalie, kisha akaendelea na safari.

Tulifikia kwa dada yake Koko, aliyeolewa huko. Alitupikia wali na sombe, majani ya muhogo, yenye mawese mengi hadi vidole vikawa vyekundu. Asubuhi ya mieleka nilikwenda jikoni peke yangu kusaga pemba, na hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa hivi. Pemba iliyochanganywa na maji hukauka, hupasuka, na kuanza kubanduka. Sokoni Kasongo msichana mmoja alikuwa amenicheka, akasema nimempaka mtu wetu kama ukuta wa nyumba kuukuu. Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nilitaka huko ugenini mgongo wake ung'ae. Na pale jikoni kulikuwa na chupa ya mafuta ya karanga. Kila mtoto alijua kwamba mafuta yamekatazwa kwenye mieleka: mikononi na miguuni, ndivyo tulivyoambiwa siku zote. Mgongo haukutajwa, kwa kuwa mgongoni ilikaa pemba, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba mtu ataweka mafuta ndani ya pemba. Mimi niliwaza. Nilimimina kidogo, nikaona inapendeza, nikamimina tena. Nilipompaka aliuliza kwa nini leo pemba ni laini. Nikajibu kwamba nimeisaga sana. Akanishukuru.

Uwanja ulijaa. Mzee wa uwanja, mwamuzi wao, alikuwa Mwislamu mwenye kanzu safi na kifimbo chembamba, na kifimbo kikishuka hakuna aliyekohoa. Mhunzi aliingia akitembea polepole. Watu wake walitutania kwamba tumeleta mtu mfupi hivi kwa kuwa warefu wameisha Kasongo. Koko akawajibu kwamba muhogo mfupi ndio mgumu kung'oa. Walicheka wenyewe.

Kifimbo kikashuka. Mhunzi alimzungushia mikono, akashika mgongo, mikono ikateleza. Alishika tena. Ikateleza. Jua lilikuwa kali, na jasho na mafuta vilikuwa vimeungana. Mara ya tatu mhunzi alipepesuka mbele kwa nguvu zake mwenyewe, na Mgongo Mweupe akamtia mguu nyuma ya goti. Alikuwa amemweza. Hata mtoto aliona. Wanawake wetu walikuwa tayari wameinuka, na mimi nilikuwa nimejua kwamba ni mafuta yangu. Niliona mikono ya yule mtu iking'aa weupe wa pemba yangu.

Mgongo Mweupe akaondoa mguu. Akainua mkono mmoja juu.

Kuinua mkono ni kuomba mieleka isimame. Hatukuwahi kumwona akifanya hivyo. Alipitisha kidole mgongoni mwake, akakinusa, akatembea hadi kwa mzee wa uwanja na kusema kwa sauti ya kawaida, "Muzee, iko mafuta mu mugongo yangu. Mikono ya huyu ndugu inateleza."

Mzee alinusa kidole kile. Akauliza, "Ni nani alikupaka?"

Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale, kibuyu mkononi. Mgongo Mweupe hakunitazama. Hakutazama hata upande wetu.

"Mugongo ni yangu," akasema.

Adhabu ya mafuta ilikuwa moja, nayo ilijulikana pande zote. Mwenye mafuta anaoshwa kwa maji mbele ya watu, kisha anasimama mikono juu mpaka mwenzake amkumbatie kiunoni na kufunga vidole, ndipo mieleka inaanza upya. Ni kama kumpa mtu mlango na ufunguo. Walileta mtungi, wakamwosha. Alisimama mikono juu, mgongo umelowa, hauna pemba hata kidogo, na mhunzi akafunga vidole vyake vya chuma. Mtu wetu alisimama naye kwa muda ambao wazee wa Kabambare waliusimulia miaka mingi. Lakini mwishowe miguu yake iliachana na ardhi, na mgongo ukashuka.

Alipoinuka, mgongo wote ulikuwa mwekundu.

Koko aliukata wimbo wetu katikati. Mhunzi hakushangilia. Alimpa mkono, akamwinua, akamgeuza, akaanza kumpangusa mgongo kwa kiganja chake, kutoka mabegani kwenda chini, mara tatu, kama desturi ilivyotaka, ingawa udongo ulikuwa umekuwa tope na haukutoka. Kisha mwanamke mmoja wa Kabambare, mtu tusiyemjua kabisa, aliushika wimbo wetu pale Koko alipouacha, akageuza maneno: "Udongo umemshika, haukumla." Na wanawake wa Kabambare wote wakaitikia. Mpaka leo nikiukumbuka, nywele za mikono husimama. Nilikuwa nimezoea kujivunia mgongo usio na doa. Siku ile nilijivunia mtu.

Njiani kurudi hakuna aliyeniuliza kitu, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. Siku ya pili, mchana, tulipopumzika kwenye kijito, nilimfuata alipokuwa anaosha miguu. Nikamwambia yote, jikoni, chupa, na yule msichana wa Kasongo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mujomba yako si muhogo ya kukaanga," akasema, kwa kuwa kwetu kila mtu mzima ni mjomba wa watoto. "Karanga ni ya kula, mutoto." Akacheka kile kicheko chake cha taratibu, nami nikalia zaidi. Nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Alisema kwamba alijua tangu alipokinusa kidole, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nampaka. "Wewe uko na miaka mingi ya kutembea. Mimi niko na mugongo ya kuosha." Kisha akachukua kibuyu kilichokuwa kimelala kwenye nyasi, akanirudishia. "Siku ingine utasaga tena. Na maji."

Lakini siku nyingine haikuonekana kuwepo. Tulipofika nyumbani karani alichukua barua yake ya njia, akaikunja, akaitia mfukoni. Mgongo Mweupe akaenda kulima pamba kama kila mtu. Sisi wasichana tulikwenda kumsaidia kuchuma, jioni kwa jioni, bila kuambiwa na mtu. Vidole vilichanwa na maganda makavu, nasi tuliimba ule wimbo wa Kabambare. Hakulalamika. Alituonyesha jinsi ya kuinama bila kuumiza kiuno, akatuambia kwamba anayejua kuinama anajua nusu ya mieleka.

Kiangazi, pamba yote ikiwa imeuzwa, mbwa walibweka asubuhi moja. Nikatoka na mchi mkononi. Mhunzi wa Kabambare alikuwa amesimama njiani, amejaa vumbi, na majembe kumi na mawili mgongoni. Alikuwa amepata barua yake ya njia kwa kusema anakwenda kuuza majembe, na kweli aliyauza, yote, kabla ya saa sita. Kisha akamwendea mtu wetu shambani kwake.

"Kwetu wanasema nilimuangusha Mugongo Mweupe," akamwambia. "Mutu akikupa kiuno yake, hukumuangusha. Nimekuja nikuangushe kweli, ama uniangushe."

Nilisaga pemba. Nilisaga na maji, mbele ya Koko, na kila mtu akaja kunusa kibuyu, mmoja baada ya mwingine, hadi mwalimu wa katekisimu. Niliona aibu, na nilinyoosha shingo. Mhunzi naye aliniomba nimpake, nikampaka kwa uangalifu uleule. Pemba ilikauka, ikapasuka, ikabanduka vipande vipande kama ukuta wa nyumba kuukuu. Hakuna aliyecheka.

Walishikana tangu kivuli kilipokuwa miguuni mwetu mpaka kikawa kirefu kidogo. Mhunzi ndiye aliyeanguka. Kabla ya kijiji kupata pumzi ya kushangilia, Mgongo Mweupe alikuwa ameshampa mkono, amemwinua, amemgeuza, na anampangusa mgongo, mabegani kwenda chini, mara tatu. Ndipo Koko alipofungua mdomo kuimba. Karani alikuwa mstari wa mbele, karibu na mwalimu. Kesho yake barua ya njia ilirudi ndani ya kifuko cha ngozi.

Wote wawili wamelala sasa, mmoja kwetu, mwingine Kabambare. Pamba haipo tena, na hakuna anayeombwa barua ili aende kumsalimu dada yake. Hayo mawili siyalilii. Ninaoulilia ni uwanja. Nilipopita mwaka jana nilikuta pikipiki zimepangwa pale, vijana wakingoja abiria. Nilipouliza, mmoja alinijibu kwa heshima, "Koko, hapa iko parking tu." Kijito cha pemba bado kipo. Wimbo naujua mimi, na pengine vikongwe wawili wengine.

Kwa hiyo jana nilimwita mjukuu wangu, nikamwambia nilichoambiwa na mikono ya watu wale, nami nakuambia wewe pia. Ukimwangusha mtu, mpe mkono kwanza. Mwinue. Mgeuze akupe mgongo, umpanguse vumbi kwa kiganja chako mwenyewe, kutoka mabegani kwenda chini, mara tatu. Kisha ndipo uinue mikono.