Mayai Kwenye Tuta la Viazi

Assumpta Culhane ana mdomo. Nalisema hilo bila hofu kwa sababu mimi ni mwanamke mwenzake na jirani yake, ukuta kati ya bustani yake na yangu haunifikii hata kifuani, na maneno yake nimekula ya kutosha. Ukimwambia leo jua limetoka, atakwambia subiri mchana. Ukizisifu kabichi zake, atakuuliza za kwako zimekufa kwa nini. Lakini mikono yake ni habari nyingine. Karibu kila nyumba ya upande huu wa Limerick, hapa Ireland, ina kikapu chake, cha kuni, cha mayai, au cha kumlazia mtoto mchanga. Fito anazipanda mwenyewe kule chini penye majimaji, anazikata wakati wa baridi, anazilowesha kwenye beseni la bafuni mpaka wageni hawana pa kuogea, kisha anakaa jikoni kusuka huku akigombana na redio.

Alizaliwa mwaka wa Bikira Maria, ule ambao wasichana wa parokia nzima walibatizwa majina ya Bikira, ndiyo maana darasani kwetu kulikuwa na akina Assumpta watatu. Wawili walikuwa wapole. Wetu alikwenda Uingereza akingali msichana, akafanya kazi kiwandani Coventry miaka mingi, na baba yake alipofariki akarudi kumtunza mama. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, atakuuliza wewe uliolewa kwa nini.

Mama yake anaitwa Nonie. Amepita miaka tisini, na akili yake imeanza kwenda matembezi bila yeye. Miguu bado mizima, na hiyo ndiyo taabu yenyewe, kwa sababu lazima mtu awe naye wakati wote. Assumpta alikuwa ameapa kwenye kaburi la baba yake kwamba mama atafia kitandani kwake, katika nyumba yake, na si katika nyumba ya wazee ya mjini ambako wanawapanga kwenye viti mbele ya televisheni. Kiapo hicho alimwambia kila mtu, mpaka dereva wa gari la mkate.

Aliweza kukitimiza kwa sababu ya wifi yake. Goretti ni mjane wa Mossie, kaka yake Assumpta, na nyumba yake iko ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi akishawalisha kuku wake huvuka na mayai mfukoni. Humchemshia Nonie moja, mengine huyaacha kwenye bakuli mezani, kisha humwogesha, humkalisha dirishani na kumfunika miguu kwa blanketi la viraka. Blanketi hilo Nonie alilishona mwenyewe kwa nguo kuukuu za familia.

"Hiki cha nani, mama?" Goretti humuuliza, akigusa kiraka.

"Shati la Mossie la komunyo ya kwanza. Alilimwagia mchuzi siku hiyohiyo."

"Na hiki chekundu?"

"Gauni la Assumpta. Alipanda nalo ukuta wa padri likachanika, akaja kuniambia ni mbwa."

"Kumbe mwongo tangu utotoni!"

"Wee wifi, nakusikia!" Assumpta hupiga kelele kutoka bustanini.

Nonie hakujua kama leo ni Jumatatu au Krismasi, lakini viraka vyote alivijua. Watu ndio walioanza kumponyoka. Nonie alimtambua Goretti kila siku. Binti yake, siku nyingine alimwita dada, siku nyingine muuguzi. Assumpta alicheka, akasema afadhali muuguzi, angalau yule hupewa likizo.

Mwaka huu majira ya kuchipua yalikuja vizuri. Assumpta alipanda viazi katikati ya Machi, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, kama apandavyo kila mtu mwenye heshima zake, na mwishoni mwa Aprili majani yalikuwa yamesimama, akaanza kuyapandishia udongo. Mimi nilikuwa upande wangu napunguza miche ya letasi. Jembe lake likagota kitu. Akainama. Akanyamaza. Assumpta akinyamaza ni jambo la kumwitia gari la wagonjwa, kwa hiyo nikasogea ukutani.

Ndani ya tuta kulikuwa na mayai matatu yaliyopangwa vizuri. Kwetu hatuhitaji mganga kutueleza maana yake. Mtu akikutakia mabaya huzika mayai kwenye tuta lako, na yanavyooza ndivyo mazao yako, mifugo yako na bahati yako vinavyooza pamoja nayo. Hasa Mei Mosi ikikaribia, siku ambayo mabibi zetu hawakuthubutu kumpa jirani hata kaa la moto, bahati isije ikatoka nalo. Leo watu wana simu za maana na watoto wao ni madaktari Australia, na mambo hayo wanayacheka mchana kweupe. Lakini simjui hata mmoja ambaye angeyashika mayai yale kwa mkono mtupu.

"Usiyaguse," nikamwambia.

"Nani kakwambia nataka kuyagusa?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Phil, hebu angalia rangi."

Nikaangalia. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na vidoadoa. Kijiji kizima, kuku watagao mayai kama hayo ni wa mtu mmoja.

"Subiri kwanza," nikasema.

"Nisubiri nini? Pasaka alikaa mezani kwangu, akasema nusu ya bustani hii ingekuwa ya Mossie. Mimi nikadhani ni mvinyo unaosema. Kikulacho ki nguoni mwako, Phil!"

Akayachota kwa beleshi, akavuka barabara ameyanyoosha mbele yake, hata gari la maziwa likabidi limsubiri. Nikamfuata. Mtu ukimwacha Assumpta peke yake na hasira, kesho utaenda kwenye mazishi.

Goretti alifungua mlango akiwa na unga mikononi.

"Chukua vyako, wifi," Assumpta akasema, akayamimina kizingitini. Moja likapasuka.

"Nini hiki?"

"Wewe uliyeyazika ndiye unajua."

"Ati nimezika? Kwenye viazi? Assumpta, umelewa asubuhi yote hii?"

"Kama unaitaka bustani, si useme tu?"

Goretti alinitazama mimi, kana kwamba nitamwambia ni utani. Nami nikatazama viatu vyangu.

"Mimi niliyemwogesha mama yako baridi nzima?" akasema. "Niliyemkata kucha za miguu wewe ukisema huwezi, unaona kinyaa? Leo mimi ndiye mchawi?"

"Mayai ya nani hayo?"

"Ya kuku wangu! Basi kawaulize kuku wangu! Toka mlangoni kwangu, Assumpta. Na siku ukichoka kuogesha peke yako, waite wachawi wengine wakusaidie."

Mlango ukafungwa. Njiani nilimwambia hasira ni hasara. Akaniambia nikapunguze letasi zangu.

Goretti hakuja kesho yake, wala wiki ile nzima. Nonie alikaa dirishani akimuulizia.

"Yuko wapi Goretti?"

"Ana mafua."

"Mafua gani hayo yasiyoisha? Mpelekeeni supu."

Assumpta alipika, akafua, akaogesha, akakata na kucha, kinyaa au si kinyaa. Fito zikakauka kwenye beseni. Binti mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa mjamzito alijifungua kabla ya kikapu cha mtoto kupata hata kitako. Kisha adhuhuri moja, Assumpta akiwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, Nonie akatoka mlango wa mbele. Dereva wa maziwa alimkuta penye kona ya daraja, katikati ya barabara, miguu mitupu. Alifunga breki mpaka leo alama ziko pale.

Muuguzi wa eneo letu akaja, msichana mwenye adabu zake. Akasema kitanda kimepatikana mjini, kwenye nyumba ya wazee. Kama hakuna mtu wa pili wa kushinda na Nonie mchana, Ijumaa atakuja kumchukua. "Usijilaumu, mama," akamwambia Assumpta. "Kwa mtu mmoja haiwezekani."

Assumpta alikuja ukutani akalia mbele yangu waziwazi. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya Mossie.

"Baba nitamwambia nini, Phil?"

"Nenda kwa Goretti."

"Nikampigie magoti mtu aliyeniloga?"

"Basi mpeleke mama yako mjini."

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezika. Nilikasirika, nikaingia ndani. Kuna ukaidi ambao mtu huzaliwa nao na kuna ukaidi anaoulea mwenyewe kama mbwa, na huyu anao wote.

Asubuhi yake nikasikia ananiita.

"Phil! Njoo uone! Bado anaendelea!"

Alikuwa amesimama kwenye tuta lilelile, jembe mkononi. Kati ya majani ya viazi kulikuwa na yai jingine. Nikaruka ukuta, kwa umri wangu huu, nikainama kulitazama.

"Assumpta, hili lina muhuri mwekundu."

"Muhuri gani?"

"Wa dukani. Goretti ana banda zima la kuku, halafu aende dukani kununua yai la kukulogea?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Hayo nimenunua mimi," akasema polepole. "Ya mama. Tangu Goretti aache kuleta."

Tuligeuka wote wawili tukatazama dirisha. Kiti kilikuwa kitupu. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka Nonie, amevaa koti la marehemu mumewe juu ya gauni la kulalia, kijiko mkono mmoja, yai mkono wa pili. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa tuta, akapiga magoti kwa shida, akachimba, akalitia yai, akalifukia na kushindilia udongo kwa kiganja. Alipoinua kichwa alimwona Assumpta.

"Mama, unafanya nini?"

"Usiniite mama. Kila siku nakuona hapa unachimba. Unadhani mimi kipofu?"

"Ni mimi, mama. Assumpta."

"Assumpta yuko Coventry," Nonie akasema, na alisema kwa fahari. "Tuta hili ni lake. Nampandia kila mwaka, ili siku akirudi ale viazi vya kwao. Wewe mwizi hutavila. Vitakuozea mdomoni."

Ilikuwa kweli. Miaka yote ya Coventry Nonie alipanda tuta moja kwa jina la binti yake, na hakumruhusu mtu kulichimba. Baba mtu alilalamika kwamba chakula kinaozea ardhini. Jibu la Nonie lilikuwa moja, huenda akaja kesho.

Assumpta aliweka jembe chini. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote. Mama yake alikuwa anamlaani kwa sababu ya kumpenda, na hapakuwa na namna ya kumwambia. Akaniomba nibaki na Nonie. Akavuka barabara vilevile alivyokuwa, magoti yana udongo, na kutoka pale bustanini niliwaona na kuwasikia vizuri, kwa sababu hakuna kati yao anayejua kunong'ona. Goretti alikuwa anatoka bandani na ndoo.

"Si wewe," Assumpta akasema.

"Najua si mimi. Mimi nilikuwepo wakati sifanyi."

"Ni mama. Ananizikia mimi. Anadhani nimemnyang'anya mwanawe bustani. Hanijui, wifi. Hanijui kabisa."

Goretti aliweka ndoo chini. Maneno makali alikuwa nayo tayari, yalikuwa yamemjaa usoni. Akayameza.

"Omba msamaha kwanza. Kwa sauti, na kuku nao wasikie. Wametukanwa."

"Nisamehe, wifi."

"Na kuku?"

"Goretti, nitakupiga."

"Haya, twende. Na huyo muuguzi wa Ijumaa, habari zake nimezisikia, mwache kwangu, nitamjibu mimi."

Nonie alikuwa bado amesimama kwenye tuta, analinda. Nilijaribu kumvika viatu, akakataa. Alipomwona Goretti uso wote ulifunguka.

"Goretti! Umepona?"

"Nimepona, mama."

"Umemwona mwanamke huyu?"

Goretti alimtazama wifi yake. Kisha akamshika Nonie mkono.

"Nimemwona. Si mwizi, mama. Ni kibarua. Nimemleta mimi amlimie Assumpta mpaka atakaporudi."

Nonie akamkagua binti yake kuanzia viatu mpaka nywele.

"Kazi anaijua?"

"Anaijua."

"Ana mdomo?"

"Anao. Lakini tutamvumilia."

Nonie akafikiri. Sisi watatu tulisimama kwenye udongo tukimngoja, wanawake wazima, kama watoto wanaongoja ruhusa.

"Basi akae," akasema mwishowe. "Atalala chumba cha nyuma. Lakini mwanangu akirudi, ampishe." Akamgeukia Assumpta. "Umesikia wewe? Siku hiyohiyo."

"Nimesikia, ma..." Assumpta akajikata. Akafuta mikono kwenye aproni, akasafisha kila kidole. "Nimesikia, bibi. Akirudi, nitampisha."