Mlipakodi Aliyekataa Kufa

Vijana huniuliza mtu anakuwaje wakili wa kodi, nami huwajibu kwa mkato kwa sababu swali lenyewe linanichosha. Soma shahada ya sheria. Nenda shule ya sheria kwa vitendo, wakufundishe kusimama mbele ya hakimu bila kutetemeka. Apishwa, uvae joho, mama yako alie. Kisha rudi darasani ujifunze uhasibu pamoja na watoto unaowazidi umri, maana hakuna atakayekuonea huruma kama hujui mapato na faida ni vitu viwili. Mimi niliyamaliza hayo yote nikadhani nimeiva, mpaka nilipokwenda Kibingo.

Nilikuwa nimeapishwa karibuni, nikifanya kazi Kayanga kwa wakili mmoja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alinituma kwa familia ya mnunuzi wa kahawa aliyefariki. Ofisi ya kodi ilikuwa imemkadiria marehemu kodi isiyobebeka, na familia ikaandika pingamizi ndani ya muda. Pingamizi likakataliwa kwa sababu moja: lilitiwa saini na marehemu, baada ya kufa.

Nilicheka juu ya bodaboda njia nzima.

Nilifika ukungu ukiwa bado umelala migombani. Kaburi lilikuwa ndani ya kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, karibu na jiko, kama ilivyo kwetu sote. Sebuleni nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa chini, na kwenye kiti cha baba alikaa kijana wa rika langu, amevaa koti la kizee lililomzidi mabega. Dada yake mdogo alipiga magoti mbele yake. "Tata, mgeni amefika," akamwambia, yaani baba. Mama yao alipita kando ya ukuta taratibu, kwa adabu ya mke asiyetaka kumkatiza mumewe.

Kijana huyo alikuwa omusika, mrithi. Baada ya matanga ukoo ulimkalisha kwenye kile kiti, ukamvika koti la marehemu na kumkabidhi mkuki, na tangu hapo yeye ndiye baba. Kwetu Muleba nako tunawakalisha warithi, ila ikifika Jumatatu mtu anarudi kuwa yeye. Hapa hakuna aliyekuwa amerudi.

"Shikamoo," nikasema kabla sijajizuia.

"Marahaba, mwanangu."

Akanipa punje za kahawa kavu nitafune, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu. Nikamuuliza nani alitia saini. Akasema, mimi. Na mwenye biashara? Mimi. Akaanza kunieleza alivyonunua kahawa Bugomora kwa baiskeli, miaka ambayo kijana mwenyewe hakuwa amezaliwa. Siku moja aliteleza kwenye tope na magunia yakamwangukia. Alipofika hapo akalishika goti lake la kushoto, akalikanda polepole, akikunja uso kwa maumivu. Mama yake akaja na maji ya moto na kitambaa bila kuitwa. Niliogopa, na sioni haya kulisema. Niliacha kutafuna.

Nilimweleza mambo yalivyo. Afisa wa kodi angeweza kutuongezea muda, familia iombe mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo aandike pingamizi upya. Lakini kwanza mrithi aseme mbele ya afisa kwamba mlipakodi amekufa, na lini. Cheti cha kifo hakikuwepo; nani akakate cheti cha mtu anayekaa sebuleni? Asiposema, makadirio yangesimama, na kibanja kingeuzwa pamoja na kaburi lake.

Alinitazama kwa upole. "Mwanangu, unataka wanizike mara ya pili?"

Siku ya kikao kwenye ofisi ya kodi alikuja na koti lile lile. Afisa, mzee wa Bukoba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliuliza swali ambalo sheria inamtaka aulize: mlipakodi yuko wapi?

Nikasimama kujibu. Omusika akaniinulia mkono nikae.

"Nilikufa," akasema.

Afisa akaacha kuandika.

"Nilikufa Jumapili, watu wako kanisani. Kahawa ilikuwa imeanikwa uani na wingu limetanda. Nilikuwa namwita mtu aje aifunike." Akatazama dirishani, kama anayeangalia iwapo wingu limepita. "Mwanangu yuko hapa. Sasa msikilizeni yeye."

Akavua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti kitupu kando yake. Aliyeanza kuzungumza baada ya hapo alikuwa na sauti nyembamba na maneno ya haraka. Alitaja jina lake. Alisema ni fundi pikipiki. Afisa alipomuuliza baba alianzaje biashara, alifikiri sana, jasho likimtoka, akasema hajui, hakuwa amezaliwa. Nilimtazama usoni nikitafuta utani. Haukuwepo.

Tuliongezewa muda. Mkuu wangu alinipigia simu kunipongeza. Akasema sasa umekuwa wakili wa kodi, na nilifurahi, kwa nini nidanganye.

Nje, kijana alisimama na lile koti mkononi. Bodaboda ilikuwa inamsubiri, injini inaunguruma, lakini hakupanda. Alikuwa analia bila sauti.

"Dada," akaniita, "nyumbani nani atakwenda kuwaambia kwamba mzee amefariki?"